Risala ya Walezi wa Kamphinda Kuhusu Simu Inayosoma kwa Sauti ya Agogo Enelesi

Mgeni rasmi, Mama Chilunga, Mkurugenzi wa Elimu wa wilaya yetu. Mkuu wetu wa kijiji. Mwalimu mkuu na walimu wa Shule ya Msingi Kamphinda. Wazazi na walezi wenzetu. Na ninyi watoto mliokaa mbele mkisukumana:

Kabla hakujapambazuka, katika nyumba ya Agogo Enelesi, yaani Bibi Enelesi, husikika mlio mdogo: tik. Ni kitufe cha simu chini ya blanketi. Kisha sauti ya bibi kizee huanza kueleza, taratibu, jinsi maji yanavyopanda juu na kuwa mawingu. Wakati huo Agogo Enelesi mwenyewe yuko jikoni, kibanda cha nje, anapuliza moto wa uji. Siku ya kwanza alipoisikia sauti yake ikitoka ndani, alishika ukuni.

"Nani huyo ananiiga nyumbani kwangu?"

"Ni wewe, Agogo," akajibu mjukuu wake, Mtisunge, kutoka ndani ya blanketi. "Wewe wa jikoni endelea na uji. Wewe wa huku uko sura ya tatu."

Mgeni rasmi, tumeanza na mlio huo kwa sababu ndio uliotuleta mbele yako leo. Utaona msomaji wetu hana karatasi mkononi. Tafadhali usihangaike kumtafutia. Tutalieleza hilo kabla hatujamaliza.

MAKARIBISHO

Sisi ni Kikundi cha Walezi wa Kamphinda. Tunasema walezi, hatusemi wazazi, kwa kuwa wengi wetu ni mabibi. Watoto wetu walituachia watoto wao, wengine wakaenda mjini kutafuta kazi, wengine wakaenda pasiporudiwa. Tunawalea wajukuu wenye mahitaji maalumu: wasioona, wasiosikia, wanaochelewa kushika, na wale ambao miguu yao haikubali.

Karibu sana. Baridi hii uliyokutana nayo ndiyo Dedza yenyewe, haina ubaya na mtu. Viazi vya moto viko tayari chini ya majani, na thobwa, togwa yetu ya mahindi, imeiva tangu jana, na tunayo furaha kubwa, toka kwenye unga, wewe, toka, furaha kubwa ya kukupokea.

Tusamehe, mgeni rasmi. Maneno hayo ya unga si yako, ni ya kuku. Hilo nalo utalielewa mbele.

Tunataka ujue kwamba hatukukualika kwa cheo chako tu. Mwaka juzi ulipopita hapa, sakafu ya darasa la nne ilikuwa imesiribwa asubuhi ile, bado mbichi. Ulisimama mlangoni, ukavua viatu, ukaingia kwa ncha za vidole. Hakuna aliyekuomba. Akina mama waliosiriba sakafu hiyo wanalisema mpaka leo kisimani. Tulijua kwamba mtu anayeona kazi ya mikono ya wengine chini ya miguu yake anaweza kusikiliza na hili letu.

TULIKOTOKA

Mtisunge alikuwa darasa la nne surua ilipomchukulia macho. Bibi yake alimweka nyumbani. Hakumficha, alimwonea huruma tu, na huruma ile ilikuwa kama blanketi zito. Msichana alikaa kizingitini akichambua maharage kwa vidole, akisikiliza wenzake wakipita kwenda shule. Alikuwa akiwatambua kwa nyayo na kuwaita kwa majina. Mmoja wao, Ulemu, akaanza kuchelewa shule kila siku, kwa kuwa alikuwa anasimama pale kumsimulia alichofundishwa jana.

Ndipo Mwalimu Limbikani alipokuja kupiga hodi.

"Agogo, Ulemu anachelewa kwa ajili ya nyumba hii."

"Mchape yeye, mwalimu, si mimi."

"Sitamchapa. Nimekuja kuomba Mtisunge aje shuleni, ili Ulemu awahi."

Agogo alicheka mpaka akashika nguzo. Siku iliyofuata Mtisunge alikwenda shule, mkono wake begani kwa Ulemu.

Baadaye wafadhili walituletea vishikwambi na simu zenye programu inayosoma maandishi kwa sauti. Tulipiga vigelegele. Tulidhani kazi imekwisha. Lakini sauti iliyokuwa ndani ya vyombo vile haikukulia hapa. Ilikuwa inasoma Kichewa, lugha yetu, kama mgeni anayetafuna mawe. Na wewe, mgeni rasmi, ni mtu wa huku, unajua neno letu *mtengo*. Ukilisema hivi ni mti, ukilisema vile ni bei. Kwenye karatasi ni neno moja, sauti ndiyo inayolitenganisha. Chombo kile hakikujua kutenganisha.

Katika jaribio la hesabu, swali lilikuwa juu ya bei ya viazi. Mtisunge alisikiliza mara ya kwanza, akasikiliza tena, kisha akamwambia mwalimu jibu lake: hakuna. Akawekewa alama ya kosa. Akauliza kwa nini.

"Swali linataka bei ya viazi, Mtisunge."

"Mimi nimesikia mti wa viazi, mwalimu. Nimepapasa shamba lote la bibi yangu. Viazi havina mti."

Darasa zima lilianguka kwa kicheko, na mwalimu naye. Kisha mwalimu akakiweka chombo sikioni mwake, akasikiliza swali lile, akaacha kucheka. Jioni ile alikuwa tena kwa Agogo Enelesi.

"Agogo, kanisani ni wewe unayesoma matangazo."

"Matangazo ni mafupi, mwanangu. Na watu wanakuwa wameshajua nani amefariki na nani anaoa."

"Kitabu nacho ni matangazo, marefu kidogo."

"Mimi nasoma kwa kidole. Nilijifunza ukubwani."

"Simu haioni kidole, Agogo. Inasikia tu."

Hivyo ndivyo Agogo alivyoanza kuisomea simu vitabu vya shule, sura moja baada ya nyingine, jikoni kwake, kwa sababu ndiko kwenye mwanga mzuri alasiri. Na sisi wengine tukajifunza kunyamaza. Mgeni rasmi, kijiji hiki hakikuwa kinajua kunyamaza. Wanawake wanaotwanga walihamishia vinu vyao ng'ambo ya kijito, bila kuitishwa mkutano. Mtu akipita hapigi hodi, anasimama uani mpaka aone Agogo amefunga kitabu. Mzee mmoja mwenye kikohozi huzunguka kwa nyuma ya kanisa, na njia ile ni ndefu kwa miguu yake. Hatujawahi kumshukuru hadharani. Tunamshukuru leo.

Kuku ndio hawakukubali. Ndiyo maana katika vitabu vya Kamphinda, mahali pengi, somo husimama kidogo na kuku akafukuzwa.

Kuna na jambo jingine. Agogo akimaliza sura haizimi simu hivi hivi. Anasema, "Basi, tumekaa vizuri. Uje tena kunitembelea." Mwalimu alimwambia kwa upole kwamba hilo halimo kitabuni.

"Najua halimo," akasema Agogo. "Lakini mtoto wa watu amekuja kunisikiliza mpaka mwisho. Nimtoe kama mbuzi?"

Likabaki.

TULICHOPATA

Mtisunge sasa yuko darasa la nane. Hatusemi yeye ni wa kwanza darasani. Tunasema yuko darasani, na ana hasira akikosa, na hiyo kwetu ni habari njema kuliko nafasi.

Hakunufaika peke yake. Yuko kijana wetu Pilirani, ambaye macho yake ni mazima lakini herufi hazitulii mbele yake, zinaruka kama panzi. Miaka yote aliitwa mvivu, na sisi tulikuwa miongoni mwa waliomwita hivyo. Siku moja aliomba kusikiliza simu huku akifuatisha kitabu kwa kidole, kama Agogo anavyofanya. Herufi zikatulia kidogo. Wenzake walimtania.

"Tazameni, Pilirani anasoma kwa masikio."

"Na ninyi mlioshindwa, mlisoma kwa yapi?" akawauliza. "Macho ninyi mnayo yote mawili."

Tangu hapo hata wasio na shida yoyote hukaa chini ya paa la darasa wakati wa mapumziko wakisikiliza. Matokeo yake tuliyaona kwenye mtihani wa majaribio. Swali liliuliza mto Shire unatoka wapi. Watoto wengi waliandika: *Unatoka ziwani, toka kwenye unga*. Mwalimu Limbikani aliwapa alama zao. Alisema ziwa ni sahihi, na kuku hatahiniwi.

PANAPOTUBANA

Hatutakudanganya kwamba kila kitu ni chepesi. Miezi hii ya mawingu sola ya shule haijazi chaji. Mkuu wetu wa kijiji huzima redio yake ili simu za watoto zipate moto kwenye sola yake, na tunajua anavyoupenda mpira wa miguu.

Yuko pia mtoto Atupele, ambaye hasikii. Kishikwambi alichopewa kina picha za ishara za mikono, lakini ni ishara za watu wa mbali, na hapa hakuna anayezijibu. Atupele anamfundisha Ulemu ishara zake, na Ulemu anatufundisha sisi, na mikono yetu ya kizee ni mizito. Kwa Atupele tumefika nusu ya njia tu. Anatutazama kwa subira tusiyostahili.

Na sauti ya Agogo imeanza kukauka. Akisoma sana jioni, kesho yake huzungumza na mbuzi kwa ishara.

Lakini linalotubana kuliko yote, mgeni rasmi, unalijua. Ofisi imetutangazia kwamba kuanzia muhula ujao watoto wasioona wa wilaya nzima watakusanywa katika shule moja ya bweni, ng'ambo ya milima, na vyombo vyao vitahamishiwa huko. Tumeelewa nia. Kule kuna walimu waliosomea kazi hiyo, kuna vitabu vya nukta nundu, kuna vitanda na chakula cha uhakika. Aliyelipanga jambo hili aliwaza mema. Hatuna neno baya juu yake.

Agogo alimweleza Mtisunge walipokuwa wakimenya viazi, kwa utani wao wa bibi na mjukuu.

"Kule kuna nukta, mke mwenzangu. Utasoma kwa vidole, kama mimi."

"Nukta nazitaka, Agogo."

"Basi nenda. Mimi utanibeba ndani ya simu. Wala sitakula chakula chako."

Mtisunge akapapasa kiazi kingine. "Simu inanisomea. Nikiuliza kwa nini, haijibu. Inaendelea tu mbele. Nikiuliza darasani, Ulemu ananijibu. Pilirani ananijibu vibaya, lakini ananijibu."

"Na mimi?"

"Wewe unanijibu hata nisipouliza."

Agogo aliendelea kumenya kiazi kile mpaka kikabaki kidogo kama jicho la mbuzi. Akakitia sufuriani hivyo hivyo.

TUNACHOOMBA

Mgeni rasmi, mkono wako ndio utakaotia saini majina ya wanaohama. Tunakuomba jina la Mtisunge libaki Kamphinda mpaka amalize darasa la nane. Afanye mtihani wake wa mwisho katika chumba kimoja na wenzake, akiwa na chombo chake sikioni, na swali lake lisomwe kwa sauti inayojua tofauti ya mti na bei. Akishafaulu, popote atakapopelekwa tutamfungia vitu vyake sisi wenyewe.

Nukta nundu anazihitaji, hatukatai. Tunaomba mwalimu wa nukta aje kwetu mara kwa mara. Yeye anaona njia. Ni rahisi mwalimu mmoja kuvuka mlima kuliko mtoto kuvuka akawaacha wanaomjibu. Tutampa pa kulala, na viazi havitamwishia. Akija na mwenzake anayejua ishara za mikono za nchi hii, Atupele atapata wa kuzungumza naye, na sisi tutanyoosha vidole vyetu na kujifunza.

Na hatukuja kuomba tu. Vitabu vyote ambavyo Agogo Enelesi ameisomea simu tunavitoa kwa ile shule ya bweni, bure, kwa watoto walioko huko mbali na bibi zao. Mwalimu Limbikani ameviweka katika kidude kidogo cha kuhifadhia sauti, kisichozidi ukucha, nacho kimefungwa kwenye kona ya kitenge tutakachokuvisha. Tafadhali usikifue kabla ya kukifungua. Kuku wamo. Tulijaribu kuwaondoa, watoto wakagoma.

Wenzake Agogo nao wameanza kusoma, mmoja mmoja, ili koo moja lisibebe shule nzima. Wawili wanasoma vizuri. Wa tatu anaongeza ya kwake, tunamrekebisha.

MWISHO

Sasa tulipe deni la karatasi.

Mgeni rasmi, msichana aliyesimama mbele yako, mwenye sweta la kijani na mkono mmoja mfukoni, ndiye Mtisunge. Katika sikio lake la kushoto, chini ya kitambaa, iko spika ndogo. Sauti ya Agogo inamwambia sentensi moja, kidole gumba kinasimamisha, yeye anakusemea, kidole kinaendelea. Risala hii iliandikwa na Agogo kwa mkono wake, kikundi kikaisikiliza na kuipitisha. Alitaka jina lake lisitajwe. Tulimkatalia. Ndipo akajitaja kama mtu mwingine, akasema hapo tu ndipo hataona haya.

Kisha aliisomea simu, jikoni, alasiri, na kuku akaja kama kawaida yake. Tulimwambia Mtisunge ayaruke maneno ya kuku siku ya leo, kwa heshima yako. Akatuuliza, "Nikianza kuruka, nitajuaje cha kuruka? Mimi nasema ninachoambiwa." Tukaona ana haki, tukaongeza maneno haya na ile radhi ya mwanzo. Ukiisikia risala hii kutoka mwanzo hadi mwisho, umeona mtihani utakavyokuwa. Hakuna aliyemnong'oneza jibu. Amesomewa, ameelewa, amesema kwa kinywa chake mbele ya watu wazima bila magoti kutetemeka. Au kama yametetemeka, sketi ni ndefu.

Tunaandika kabla hujafika, kwa hiyo hatujui umekaa upande gani wala uso wako ukoje sasa. Mtisunge naye haujui. Lakini anaijua pumzi ya mtu anayesikiliza, na amesema atatuambia baadaye.

Mungu akupe njia isiyo na tope unaporudi. Akupe uzee wenye wajukuu wabishi, na mtu wa kukusomea siku macho yako yatakapochoka. Awabariki walimu wanaopiga hodi, watoto wanaochelewa kwa ajili ya wenzao, na wote waliohamisha vinu vyao.

Ni sisi, Kikundi cha Walezi wa Kamphinda.

Basi, Mtisunge, ni mimi Agogo, risala imeishia hapo, lakini usizime bado. Haya yaliyobaki ni yako peke yako, usiyaseme kwa watu. Huyu mama ana moyo, nilimwona alipovua viatu, kwa hiyo usiogope. Lakini hata kama atashindwa, na popote watakapokupeleka, mke mwenzangu, tumekaa vizuri. Uje tena kunitembelea.